Chumba cha Giza Nacho Kina Mmea Wake

Mtu wa pwani akihamia bara, aghalabu hukosi kuona vitu vitatu katika mzigo wake: mbuzi ya kukunia nazi, chetezo cha kufukizia udi, na kopo lililopandwa mrehani. Mbuzi itapata kazi, kwani nazi hufika mbali kwa malori. Chetezo nacho kitafuka moshi wake popote palipo na kaa la moto. Lakini ule mrehani hutia huzuni. Huwekwa juu ya meza ya sebule, hunyweshwa asubuhi na jioni kama mtoto mchanga, na haupiti mwezi ila majani yake yamepauka, na shina limerefuka kama mtu anayechungulia dirishani, kisha limelala. Hapo mwenye nyumba husema, "Ardhi ya huku hainitaki."

La hasha! Ardhi haina kosa. Tabu iko katika chumba, na zaidi iko katika birika la maji.

Jambo hili lawahusu hasa ndugu zetu walioko sehemu kama Sirisia, mji mdogo wa kaunti ya Bungoma, chini ya miteremko ya Mlima Elgon, si mbali na Chwele wala Malakisi, na karibu na mpaka wa Uganda ulioko Lwakhakha. Huko hupelekwa walimu, wauguzi na maofisa. Huko hufuata wafanyabiashara na mabibi walioolewa mbali na kwao. Vyumba vingi vya nyuma ya maduka vina dirisha moja tu la mbao, paa la mabati, na kuta za udongo au matofali. Mvua ya masika ikianza, wingu hushuka kutoka mlimani tangu alasiri, na dirisha lenyewe hufungwa mapema kwa ajili ya baridi na mbu. Basi mmea wa ndani huishi katika kiza kuliko mwenyewe anavyodhani.

Lakini haya si ya Sirisia peke yake. Msomaji aliye Mji wa Kale wa Mombasa, Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja, ambako vichochoro ni vyembamba na nyumba zatazamana kama watu wanaonong'onezana, anaijua vyema adha ya chumba kisichofikiwa na jua. Maneno yafuatayo ni yake pia.

MREHANI SI MMEA WA NDANI

Kwetu sisi mapenzi ya mimea ni mapenzi ya harufu. Mrehani, asumini, mkadi na waridi ndiyo yanayoingia katika kikuba, katika nywele na juu ya kitanda cha bibi harusi. Sasa tazama mimea hiyo hukaa wapi: uani, kiwandani, barazani, au juu ya nyumba kwenye makopo. Haikai chumbani. Kinachoingia chumbani ni ua lililokwisha kuchumwa. Wazee wetu hawakuandika kitabu juu ya jambo hili, lakini desturi yao ilikuwa na akili: ua lenye harufu ni mtoto wa jua.

Sababu yake ni nyepesi. Mmea hujipikia chakula chake wenyewe. Maji na hewa ni vitu vya kupikia, na mwanga ndio moto. Moto ukiwa mdogo, chungu hakichemki; na mtu anayezidisha maji katika chungu ambacho moto wake umefifia, huyo hapiki, anaozesha. Mrehani unataka moto mkubwa, yaani saa nyingi za jua kila siku. Kuutia sebuleni ni kuunyima chakula, na kuunywesha zaidi kwa kuuonea huruma ni kuuzamisha.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kukubali kwamba chumba cha giza hakitoi harufu wala maua mengi. Kinachoweza kutoa ni jani. Na jani zuri, lenye afya na kung'aa, si haba.

GIZA LA MMEA SI GIZA LA MACHO

Jicho la binadamu ni danganyifu. Ukiingia chumba chenye kiza, baada ya dakika chache mboni hupanuka nawe ukaona kila kitu, ukasema chumba kina mwanga. Mmea hauna mboni ya kupanua. Basi kipime chumba chako namna hii.

Saa sita mchana, zima taa, kaa mahali unapotaka kuweka mmea, fungua gazeti hili. Ikiwa unasoma herufi hizi bila ya kukunja uso, hapo pana mwanga wa kumfaa mmea mvumilivu. Ikiwa huwezi kusoma, usiweke mmea wowote, kwani utakufa, ila utakufa polepole. Kisha weka mkono juu ya karatasi nyeupe kwa urefu wa rula moja. Kivuli kikionekana chenye vidole vilivyokatika vizuri, mwanga ni mwingi. Kikiwa ukungu tu wenye umbo la mkono, mwanga ni haba lakini upo. Kisipoonekana kabisa, hilo ni pango.

Na mapango ndiyo walimu wetu. Katika mlima huohuo wa Elgon, upande wa Kitale, ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1968, liko pango mashuhuri la Kitum. Tembo huingia humo usiku, wakapenya gizani hatua nyingi, wakakwangua kuta kwa pembe zao ili wapate chumvi. Tembo aweza kwenda gizani kwa kuwa chakula chake amekwisha kula nje. Mmea hauwezi. Simama kwenye mdomo wa pango lolote, uone jinsi kijani kinavyopungua: kwanza vichaka, kisha makangaga, kisha ukoga, kisha jiwe tupu. Chumba chako ni pango dogo na dirisha ni mdomo wake. Hatua moja kutoka dirishani na hatua nne si mahali pamoja, hata kama wewe waona chumba ni kimoja.

DIRISHA LA KWETU SI DIRISHA LA ULAYA

Wanunuao vitabu vya mimea kutoka Uingereza au Marekani hukuta humo kwamba dirisha bora ni la kusini, na la kaskazini ni la giza. Hayo ni kweli kwao, kwani jua lao hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Sirisia haifiki digrii moja kaskazini ya Ikweta, na Mombasa iko kama digrii nne kusini yake. Kwetu jua hupita karibu na utosi. Toka Machi hadi Septemba huwa limeelemea kaskazini, na miezi iliyobaki huelemea kusini. Dirisha lililokuwa na kivuli mwezi wa Juni laweza kupata jua mwezi wa Desemba. Madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo yanayopata jua kila siku ya mwaka, moja asubuhi, jingine jioni.

Kwa ajili hiyo, mwenye dirisha la mashariki ana bahati: jua la asubuhi ni la upole. Mwenye dirisha la magharibi asogeze mmea wa kivulini hatua moja ndani, kwani jua la saa tisa huunguza. Na kwa kuwa jua la mchana liko juu, upenu mrefu wa mabati huzuia mwanga mwingi usiingie kabisa.

Iko dawa isiyo ghali, nayo watu wa Lamu wanaijua tangu zamani: chokaa. Nyumba za mawe za kule hupata mwanga kutoka kiwandani, nao hupita msana mmoja hadi mwingine kabla ya kufika ndani penye zidaka. Ungalikufa njiani lau kuta zingalikuwa nyeusi. Ukuta mweupe huurudisha mwanga, ule wa udongo huumeza. Mkaazi wa Sirisia akipaka chokaa ukuta unaolikabili dirisha lake, au akatundika kioo hapo, amempa mmea chakula bila ya kutoboa ukuta.

MIMEA ILIYOZALIWA KIVULINI

Sasa tuje kwenye uchaguzi. Ajabu ni kwamba katika mimea ambayo dunia nzima huinunua kwa fedha nyingi ili ipambe maofisi na vyumba vyenye kiza, mingi ni ya Afrika, na baadhi yake ni ya kwetu hasa.

Wa kwanza ni mkonge. Msomaji asishangae. Kabla mkonge wa mashamba haujaletwa Tanganyika kutoka Florida mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, watu wa pwani walikuwa na mkonge wao wa mwituni, wenye majani magumu yaliyosimama kama panga, wakitoa humo nyuzi za kamba. Aina moja ya huko Zanzibar ilipewa jina la John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja. Ndugu yake kutoka Afrika ya Magharibi, mwenye mistari ya kijivu na kingo za manjano, ndiye aliyeenea majumbani kote, na Waingereza kwa utani wamemwita ulimi wa mama mkwe. Mkonge wa namna hii hustahimili kiza, ukame na usahaulifu wa mwenyewe. Hata baridi ya usiku wa Sirisia hauijali, mradi mizizi yake iwe mikavu.

Wa pili ni zamiokulkasi. Asili yake ni Afrika ya Mashariki, kutoka Kenya na Tanzania hadi Afrika ya Kusini. Nao humea katika vivuli vya misitu ya pwani yetu. Wataalamu wa Ulaya waliujua tangu karne ya 19, lakini haukuwa biashara kubwa hadi mwaka 1996 ndipo wakulima wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi. Leo waweza kuukuta dukani Nairobi katika chungu cha fahari, ukiuzwa kama mgeni kutoka ng'ambo! Majani yake yang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, na chini ya udongo una viazi vinavyoweka akiba ya maji. Katika chumba cha giza, maji mara moja kwa wiki tatu au nne yautosha.

Wa tatu ni sale, au masale kama wasemavyo Wachaga, ambao huupanda kuwa mpaka wa shamba, na jani lake kwao ni alama ya kuomba msamaha. Huota chini ya miti mikubwa katika misitu mingi ya Afrika, na msitu wa Kakamega, kusini ya Bungoma, una tele. Jani lake ni refu na lenye kupinda kama jani la mhindi, hata Wazungu wakauita kwa jina la mahindi. Mtu wa Bungoma, aliyezungukwa na mashamba ya mahindi, atacheka akisikia hivyo. Kipande cha shina kikikatwa na kuchomekwa udongoni huchipua.

Wa nne ni ua, nalo ndilo ua pekee nitakalolitaja. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona katika nchi ya Tanga na Usambara, akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akaliita Saintpaulia kwa jina la ukoo huo. Wajerumani mpaka leo huliita urujuani wa Usambara. Ndugu zake wako Kenya pia, katika kilima cha Mbololo huko Taita na katika majabali ya Kilifi. Ua hili halitaki giza tupu. Lataka mwanga mweupe wa karibu na dirisha usio na jua kali. Maji yake yatiwe katika kisahani cha chini, kwani tone la maji baridi juu ya jani lake lenye manyoya huacha alama.

Hapa pana onyo. Urujuani wa mwituni umebaki katika mabonde na majabali machache, na mahali pengine misitu yake imekatwa. Yule wa chunguni hununuliwa kwa wauza miche, wala hauchimbwi mwituni. Ukiupata mmoja kwa rafiki, jani moja lenye kikonyo likichomekwa katika udongo mwepesi hutoa mche mpya. Aliye na jani hana haja ya kwenda kuiba jabalini.

Kuna na mtambazi wenye majani mfano wa moyo, uliotoka visiwa vya bahari ya Pasifiki, ambao watu wengi huuita mmea wa pesa. Nao ni mvumilivu, na hukubali hata chupa ya maji.

MAJI NDIYO MUUAJI

Nimesema tabu iko katika birika. Mimea ya chumba cha giza haifi kwa kiu, hufa kwa kuzama. Moto ni mdogo, chungu chachemka polepole, kwa hiyo maji hayapungui. Mizizi iliyokaa majini hukosa hewa, ikaoza. Na mzizi ulioza hauwezi kunywa, basi jani hunyauka juu ya udongo uliolowa. Mwenyewe akiona jani limenyauka huongeza maji, na hapo ndipo anapoumaliza.

Usimwagie kwa saa wala kwa siku. Tia kidole udongoni mpaka fundo la pili. Kikitoka na unyevu, liache birika. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yale ya kisahani. Mkonge na zamiokulkasi usubiri udongo ukauke mpaka chini. Sirisia, kwa ubaridi wake na mawingu yake, itataka maji machache kuliko Mombasa, hata kwa mmea uleule katika chungu kilekile.

Udongo nao una neno. Udongo mwekundu wa miteremko ya Elgon ni wenye rutuba shambani, lakini ukiwa chunguni hushikamana ukafunga hewa. Changanya sehemu mbili zake na sehemu moja ya mchanga wa mto, na ukiweza vipande vidogo vya makaa. Kopo litobolewe matundu chini kwa msumari. Mbolea isiwe nyingi: asiyefanya kazi nzito hali sahani mbili. Na kila mwezi futa majani kwa kitambaa chenye maji, maana vumbi na moshi wa kuni ni pazia la pili juu ya dirisha.

MBU, WATOTO NA MBUZI

Pambo lisiwe balaa. Maji yaliyosimama katika kisahani au chupa ya maua ni nyumba ya mbu, na yai la mbu laweza kuwa mbu mwenye mabawa kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Bungoma ni nchi ya malaria. Mombasa nayo ilipatwa na homa ya dengi mwaka 2013 na tena mwaka 2017, na mbu wake, yule aumaye mchana, hupenda hasa vyombo vidogo vya nyumbani. Mwenye mtambazi katika chupa abadili maji kila siku ya tatu na kusugua chupa kwa ndani, la sivyo auhamishie udongoni.

Tena, mingi ya mimea hii hailiwi. Zamiokulkasi na mtambazi wa pesa zina chembe ndogo mfano wa sindano zinazochoma kinywa. Uko na mmea wenye majani mapana yenye madoa meupe, uitwao difenbakia, ambao utomvu wake huweza kuvimbisha ulimi hata mtu asiweze kusema. Nyumba yenye mtoto atambaaye isiwe na difenbakia kabisa, na hiyo mingine iwekwe juu asikoweza kufika. Majani yaliyopogolewa yasitupwe kwa mbuzi.

Watu huuliza pia juu ya hewa. Wengine huogopa kwamba mmea usiku humwibia hewa aliyelala. Ni kweli mmea huvuta pumzi usiku, lakini pumzi yake ni kidogo mno. Mtu mmoja unayelala naye chumbani huvuta zaidi kuliko chungu kumi. Wengine huamini kinyume chake, ya kwamba mmea husafisha hewa ya chumba. Imani hii ilitiwa nguvu na majaribio ya shirika la anga la Marekani, NASA, mwaka 1989, lakini hayo yalifanywa katika visanduku vilivyofungwa kabisa. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Drexel waliopitia uchunguzi wa namna hiyo mwaka 2019 walionyesha kwamba nyumbani ingehitajika mimea 10 au zaidi, hata 1,000, kwa kila mita moja ya mraba ndipo ishindane na dirisha lililofunguliwa. Basi fungua dirisha upate hewa, na panda mmea kwa ajili ya macho na moyo.

ZAMU YA KIVULI NA NURU

Limebaki shauri moja, nalo ni la zamu. Mwenye nafasi barazani aweke mimea miwili ya namna moja. Mmoja ukae ndani kwa wiki mbili, mwingine ukae barazani penye kivuli cheupe, kisha ibadilishane. Wa ndani hupamba, wa nje hula. Usiutoe ghafla kutoka kizani ukauweka juani, kwani jani la kivulini huungua kama ngozi ya mtoto. Kwa njia hii hata chumba chenye dirisha moja chaweza kuwa na kijani mwaka mzima.

Na mrehani? Mrehani urudi mahali pake: nje, upande wa mashariki wa nyumba, palipo na jua na ukuta wa kuukinga na upepo. Uchume kila unapotaka kutoa maua ili uzidi kuchipua, na tawi moja lililochumwa lililetwe ndani Ijumaa, kama ilivyokuwa desturi.

Mkonge wako ukishapata mwaka, utazaa watoto pembeni ya chungu. Wang'oe kwa upole, uwaache jeraha likauke siku mbili, uwapande katika makopo. Kopo moja mpelekee jirani. Mlete mpaka mlangoni, umwambie hautaki maji mengi. Neno hilo ndilo litakalouokoa kuliko mbolea yoyote.